Dalali anataka milioni mbili na nusu ya viza ya mke, na msimu wa korosho bado haujafunguliwa

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini, nauza samaki wa kukaanga pale Feri. Majibu yako huwa nasoma nanyamaza, leo limenifika na mimi.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Uzoefu aliupata wakati bomba la gesi la kutoka Madimba linajengwa. Mradi ulipoisha akawa anahangaika na vibarua vya mageti na madirisha, mwishowe akapata kazi Abu Dhabi. Huu ni mwaka wa tatu na amekuja mara moja tu. Hela anatuma, upande huo sina cha kulalamika, na simu anapiga kila akitoka kazini. Lakini mtoto ana miaka minne, baba yake anamjua kwenye kioo cha simu. Na mimi mwenyewe nimechoka, Somo, wewe ni mtu mzima unanielewa.

Mwaka jana alisema atanichukua kwa viza ya mke. Nilifurahi nikawaambia mpaka wateja. Tangu hapo kila nikiuliza jibu ni moja, "subiri nijipange". Nikimbana anasema mshahara wake ni dirhamu 3,200 na malazi wanapewa na kampuni, kwa hiyo masharti anayo, maana wenzake wamemwambia ukiwa na elfu tatu na nyumba inatosha. Sasa kama inatosha, anajipanga nini? Wifi yangu naye hakuchelewa, ananiambia huko wanaume wana wanawake wengine, ndiyo maana hawachukui wake zao.

Hapo ndipo amejitokeza dalali mmoja. Anajulikana, ameshapeleka wasichana Omani na Dubai kwa kazi za ndani. Anasema viza ya mke anaipata yeye hapahapa, nimpe milioni mbili na laki tano, ndani yake kuna laki nne ya pasipoti. Naingia kwa viza ya matembezi, nikishafika nabadilishiwa mlemle ndani. Hela anaitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Cheti changu cha kuzaliwa ameshakichukua, anasema ni cha kuanzishia faili.

Hela hiyo sina. Ninayo mikorosho aliyoniachia marehemu mama kule Nanyamba, na mwaka huu imetoa maua vizuri. Kuna mtu yuko tayari kunipa hela taslimu sasa hivi, korosho atachukua mwenyewe zikianguka. Najua hiyo ndiyo kangomba, lakini nifanyeje? Mjomba amesikia, amewaka. Anasema mikorosho ya dada yake haiendi Uarabuni, na mimi mwenyewe siendi.

Jingine. Cheti cha ndoa kipo kwa mama mkwe, kwenye sanduku lake Mikindani, na kimeandikwa Hadija. Kitambulisho changu cha NIDA kinasema Khadija, na jina la mwisho ni la babu, wakati kwenye cheti sheikh aliandika la ukoo. Dalali anasema hilo dogo, atalimaliza yeye.

Somo, nianzie wapi? Na je, mume wangu ananizungusha?

Mama Nasri, Mtwara

Marahaba mwanangu.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha jiko, nenda kwa huyo dalali ukachukue cheti chako cha kuzaliwa. Usiende peke yako, mchukue mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na usiende kugombana. Sema unakihitaji Uhamiaji, basi. Akikuzungusha, kituo cha polisi kipo, na nakala nyingine ya cheti chako RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vyeti, wanakutolea wewe mwenye jina, si yeye. Mtu anayeshika karatasi yako ya asili kabla hujampa hata senti anakufunga miguu usije ukabadili mawazo.

Ukishakirudisha ndani, kaa chini tuzungumze viza yenyewe.

Naona kuna jambo hujaambiwa na mtu, si mumeo, si wifi, na dalali hawezi kukwambia kwa sababu linamkosesha biashara. Viza ya mke ya Falme za Kiarabu haiombwi na mke. Anaiomba mume, akiwa hukohuko, kwa jina lake na kwa kitambulisho chake cha ukaazi, yeye akiwa ndiye mdhamini. Abu Dhabi anaombea kwenye mfumo wa mamlaka yao ya vitambulisho na uraia, Dubai wana idara yao ya ukaazi. Anaweza kufanya kwa simu yake au kwenda kwenye vile vituo vya kujaziwa fomu vilivyojaa mitaani huko. Ubalozi wao wa Dar es Salaam kazi yake kwenye shauri lako ni kugonga muhuri kwenye cheti cha ndoa. Hakuna dirisha lolote, Mtwara wala Dar, ambapo wewe au dalali mnaweza kupeleka faili mkatoka na viza ya mke. Kwa hiyo milioni mbili na nusu unaombwa kwa kitu ambacho anayekiuza hana.

Anachoweza kukupatia ni viza ya matembezi, na hiyo hata mumeo anaweza kuiulizia hukohuko bila kupita kwa dalali. Viza ya matembezi ina siku zake, hairuhusu kufanya kazi, na ukizidisha siku faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Kubadilisha ukiwa ndani kunawezekana kweli, hapo hakudanganyi. Anachokuficha ni kwamba utabadilishiwa tu ikiwa mumeo ametimiza masharti ya kumdhamini mke. Akiwa ameyatimiza, hukuwa na haja ya kuingilia mlango wa matembezi. Akiwa hajayatimiza, utakaa siku zako ziishe, faini ianze kuhesabu, na hapo atatokea mtu mwenye huruma wa kukutafutia "familia ya kufanyia kazi". Umesema mwenyewe biashara yake ni kupeleka wasichana wa kazi za ndani. Mimi simtuhumu, simjui. Lakini hii nchi ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu 2008, na haikutungwa kwa ajili ya watu wanaokamatwa kwa kamba. Wengi waliondoka nyumbani wakicheka, tiketi mkononi.

Kwa hiyo lishike hili: siku yoyote utakayoletewa kibali cha kuingia, kiwe kimetumwa na nani, usisome picha yako na jina lako tu. Tafuta mstari wa mdhamini. Kwenye kibali cha mke pale panakaa jina la mumeo. Ukikuta jina la kampuni usiyoijua, au la mtu mwingine, au kazi uliyoandikiwa wakati wewe unakwenda kama mke, usipande ndege hata kama mizigo imeshapimwa.

Tuje kwa mumeo, maana ndilo linalokunyima usingizi. Masharti yao ya kipato ni haya: mdhamini awe na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au dirhamu 3,000 pamoja na malazi. Zamani waliangalia na cheo cha kazi, kuna kazi ambazo hata ungelipwa vipi mke hakuruhusiwa. Tangu 2019 wanaangalia kipato. Wenzake waliomwambia "elfu tatu na nyumba" hawakumdanganya, ila walimpa nusu ya habari. Malazi yanayosemwa pale ni nyumba ambayo mke anaweza kuishi, yenye karatasi. Mafundi wengi wa makampuni kule wanalala kambini, chumba kimoja watu kadhaa, vitanda vya juu na chini, bafu la pamoja. Hakuna mwanamke anayeingizwa mle, wala msimamizi wa kambi hatampa mtu barua ya kusema kitanda namba fulani ni nyumba ya familia. Wanapoomba ushahidi wa nyumba wanataka mkataba wa kupanga uliosajiliwa, ambao Abu Dhabi unasajiliwa kwenye Tawtheeq na Dubai kwenye Ejari. Kama kampuni ndiyo inatoa nyumba, basi iseme kwa maandishi kwamba ni ya familia. Bila hapo, 3,200 na kitanda cha juu ni 3,200 tu, haijafika 4,000.

Na mshahara unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye mkataba wa kazi uliosajiliwa. Ovataimu haimo. Mwanamume anaweza kuwa anapokea 4,300 mwezi wa kazi nyingi, akakutumia hela nzuri mkafurahi, lakini kwenye karatasi ni 3,200 palepale.

Sasa rudia swali lako, "anajipanga nini?" Mimi nadhani, na hapa nasema nadhani, kwamba mumeo aliahidi kwa furaha, akaenda kuuliza vizuri, akakuta hajafika, na hana mdomo wa kukwambia. Ameshakuwa "bwana wa Abu Dhabi" mtaani kwenu. Kumwambia mke kwamba kule analala kitanda cha juu, soksi za mwenzake zinaning'inia usoni, ni jambo gumu kwa mwanamume. Wanawake wengine wanaweza kuwepo au wasiwepo. Hilo mimi siwezi kuliona kutoka huku, na wifi yako pia haoni.

Ila lipo la kupima, na halihitaji kumpekua. Mwombe vitu viwili kwa upole: picha ya ukurasa wa mkataba wenye mshahara, na jibu la ofisi ya kampuni kuhusu malazi ya familia, hata kama ni ujumbe mfupi tu. Usimwambie "nithibitishie". Mwambie, "Baba Nasri, nimeelewa mwombaji ni wewe, mimi huku natayarisha vyeti, nisaidie nijue upande wako umefika wapi ili tusitupe hela." Mwenye nia atatuma, pengine kwa aibu kidogo, na mtaanza kuzungumza mambo ya kweli. Asiyetaka atakasirika kwa nini unataka kuona mkataba. Ukipata hasira badala ya picha, niandikie tena, hiyo itakuwa barua nyingine.

Wakati unasubiri jibu, una kazi yako, na hii haimtegemei yeye. Hapa ndipo familia nyingi za kwetu zinakwama miezi, mume keshapanga nyumba, karatasi za mke hazisomani.

Tuanze na Hadija na Khadija. Dalali anasema dogo. Kwa Mtwara ni dogo kweli, wote tunajua ni mtu mmoja, tena wengine wanakuita Dija. Kule faili linasomwa na mtu asiyekujua, ana pasipoti upande mmoja na cheti cha ndoa upande wa pili, na tafsiri ya Kiarabu katikati. Jina lisipolingana anaandika "si mke wa mwombaji", anafunga. Na kwako si herufi moja peke yake, jina la mwisho nalo ni jingine kabisa. Usitengeneze chochote mpaka umeona cheti cha kuzaliwa kinasemaje, ndiyo maana nilikutuma ukakichukue kwanza. Kama cheti cha kuzaliwa kinakubaliana na NIDA, basi cha kurekebishwa ni cheti cha ndoa. Kama kinakubaliana na cheti cha ndoa, nenda NIDA wakarekebishe huko kabla hujaomba pasipoti, kwa sababu pasipoti itafuata NIDA na kosa litazaa kosa. Watu watakwambia kamalize kwa kiapo cha wakili. Kiapo kinasaidia sana kwetu, benki wanakikubali na shule wanakikubali, lakini ukikipeleka nje kinakuwa karatasi nyingine ya kugongewa mihuri na kutafsiriwa, na bado afisa wa kule ana hiari ya kukikataa. Tengeneza jina kwenye cheti chenyewe.

Cheti cha ndoa: nenda Mikindani mwenyewe, na khanga ya kumpelekea mama mkwe. Usimtume mtoto na ujumbe. Mwambie mwanawe anakihitaji, na apigiwe simu hapohapo aseme mwenyewe. Cheti ni chenu wawili, hana sababu ya kukukatalia, ila wazee wanapenda kuombwa. Ukikipata, kitazame vizuri. Ndoa ya Kiislamu kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inafungishwa na mwenye leseni na inaandikishwa serikalini, cheti kina namba. Wengine walichonacho ni barua ya msikiti yenye muhuri wa msikiti na saini za mashahidi. Ndoa ni halali, kutosajiliwa hakuivunji, lakini barua hiyo haitavuka bahari. Ukikuta yako ni ya hivyo, au ukikuta jina ndilo la kurekebisha, nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya ukamwone Katibu Tawala wa Wilaya, ndiye msajili wa wilaya. Nenda na sheikh aliyewafungisha au barua yake, na mashahidi kama wapo hai.

Nasri naye anataka cheti. Kama alipewa vile vya bure vya watoto wa chini ya miaka mitano, vinavyotolewa zahanati na ofisi ya kata, mara nyingi vimejazwa kwa mkono. Angalia jina la baba limeandikwaje herufi kwa herufi, ulinganishe na pasipoti ya baba. Hapohapo kwa msajili wa wilaya uliza upatiwe kilichochapwa, maana hicho nacho kitapita njia ileile ya mihuri.

Njia ya mihuri ni hii. RITA wanahakiki kwamba cheti ni chao. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje inagonga muhuri juu ya uhakiki huo. Kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, Dar es Salaam. Kikifika kule, wizara yao ya mambo ya nje inagonga wa mwisho, na mtafsiri mwenye leseni anakigeuza Kiarabu. Hizo hatua mbili za mwisho ni za mumeo. Hatua hazirukwi, ubalozi hautagonga juu ya karatasi ambayo Wizara haijaigusa. Makao makuu ya Wizara yapo Dodoma na ofisi ipo Dar, kwa hiyo piga simu kabla hujapanda basi. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, si mwendo wa kwenda kuambiwa "njoo wiki ijayo". Ukiwa na ndugu Dar mwaminifu, mwandikie barua ya kumruhusu akufuatilie.

Pasipoti dalali anakuuzia laki nne. Bei ya serikali kwa pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Unajaza fomu kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, unachapa, unapeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wanachukua alama za vidole na picha. Kama hujui kujaza, vijana wa steshenari watakujazia kwa elfu chache. Lakini kaa pembeni yao usome kila jina linavyoandikwa, maana hao ndio mabingwa wa kuzaa Hadija na Khadija.

Afya sipendi kuipitia juujuu. Ukishaingia kwa kibali cha mke, mna siku 60 za kukamilisha ukaazi, na ndani yake kuna kipimo cha lazima kwa kila mtu mzima: damu na picha ya kifua. Wanatafuta Virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, na mwenye VVU hapewi ukaazi. Ni sheria yao, mimi siipendi, lakini ukiijua ukiwa Mtwara ni afadhali kuliko kuijulia huko ukiwa umeuza kila kitu. Nenda hospitali ya Ligula ukapime vyote viwili. Kipimo cha Ligula hakitakuondolea cha kule, lakini utakuwa umejijua. Kikohozi cha wiki mbili usikibebe kwenda uwanja wa ndege.

Sasa tuseme mumeo amepandishwa mpaka 4,000, vyeti vimenyooka. Utakwenda kuishi vipi? Kodi kule inalipwa kwa mwaka, kwa hundi moja au chache, na hundi ikikosa hela ni balaa. Bima ya afya ni lazima, aulize kampuni kama inamkatia mke na mtoto au inatoka mfukoni kwake. Nasri anakaribia shule, na watoto wa wageni wengi wanasoma shule za kulipia. Mshahara wa 4,000 unatosha kuomba viza. Kutosha kuishi watu watatu na kumtumia mama Mikindani ni hesabu nyingine, ifanyeni kwa karatasi na kalamu. Ukaazi wako utaning'inia kwenye wake, kazi ikiisha na wako unaisha. Ukirudi Mtwara ukakaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, unafutika. Kazi mke anaruhusiwa, ila mwajiri akuombee kibali kwanza. Kukaanga samaki barazani kama Feri huko hakuna, mwanangu. Wewe umezoea hela yako ya kila jioni, na hilo ulifikirie zaidi ya joto la huko.

Kwa hali yake ya leo, shauri langu ni usiende kuhamia. Vyeti vitengeneze, haviozi. Mumeo sheria ya kazi ya kule inampa likizo ya siku 30 kwa mwaka akishatimiza mwaka kazini. Mwaka wa tatu amekuja mara moja, ana likizo zake zimekwenda wapi? Kama alizibadilisha hela, aseme. Aje nyumbani mara hii, Nasri amshike mkono waende Nanyamba kuokota korosho. Au kama yeye hawezi kutoka, wewe na mtoto mwende kwa matembezi ya mwezi mmoja, amepanga chumba cha muda, tiketi za kurudi mkononi, mjue mnakwenda kutembea. Ukiona alivyo na anavyoishi, utajua mwenyewe kama unataka kuhamia.

Mikorosho usiiguse. Kangomba imepigwa marufuku, na mbali na marufuku ni wizi wa mchana: huyo mtu anakupa hela leo kwa bei ya njaa yako, Oktoba minada ikifunguliwa anavuna jasho la mama yako. Msimu wa 2024 mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, ulivuka shilingi elfu nne kwa kilo. Bei ya mwaka huu sikupangii, hupanda na hushuka, lakini hata ikishuka peleka korosho AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zipite stakabadhi ghalani, hela iingie kwa jina lako. Hiyo ndiyo itakayolipa pasipoti, mihuri na basi la Dar, na chenji ibaki.

Mjomba usigombane naye. Amewaka kwa sababu ya mikorosho ya dada yake, na kwa hilo yuko sawa kabisa, mwambie hivyo. Kwenye safari, pasipoti huhitaji ruhusa yake, lakini heshima inahitaji ahusishwe, tena na mwanamume mwenyewe. Mumeo ampigie mjomba, baada ya magharibi akiwa ametulia, asimtume wifi wala wewe. Amweleze mshahara wake ulivyo, nyumba ilivyo, na anataka kukuchukua lini. Kama anaweza kuyasema hayo mbele ya mjomba wako, na mimi nitamwamini.

Somo